Magombo Yaliyokuja Toronto



Fomu ile ilifika nyumbani ndani ya mkoba wa shule, imekunjwa mara nne na kupakaa ndizi. Ulikuwa ni wakati wa kupukutika majani, mwaka 2009, nasi tulikuwa tukikaa katika mojawapo ya yale majumba marefu ya Don Mills ambamo lifti ikiharibika wazee hushinda ndani. Binti yangu alikuwa darasa la 6. Walimu wake waliomba ruhusa ya wazazi ili watoto wapelekwe mjini, kwenye Makumbusho ya Kifalme ya Ontario, ambayo sote twayaita ROM, wakayaone magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoletwa kutoka Israel. Chini palikuwa na mstari wa saini ya mzazi. Mstari ule ulikaa mtupu kwa siku 6.

Nayarejea mambo haya leo kwa sababu vijana wetu wamekuwa wakiuliza. Mwaka 2023 wasanii wenye asili ya Kipalestina walikaa chini ndani ya jumba lilo hilo, wakakataa kuondoka, wakipinga mabadiliko yaliyotakiwa katika kazi zao zilizokuwa ziwekwe kwenye maonyesho yahusuyo mauti na maziko, mpaka pande mbili zikafikia mwafaka. Vijana wakadhani kuwa hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa jumba hilo kuingia katika ugomvi wa Mayahudi na Wapalestina. Sivyo. Ule wa 2009 ulikuwa mkubwa zaidi, na ulituingia sisi wenyewe sebuleni.

Kwanza tujue kilichokuwa kikigombaniwa. Bahari ya Chumvi ndiyo ile ambayo Waarabu huiita Bahari ya Lut, kwa ajili ya kaumu ya Nabii Lut alayhis salaam. Kando yake, mahali paitwapo Qumran, pana majabali yenye mapango. Habari iliyo mashuhuri ni kwamba yapata mwaka 1947 mchungaji wa Kibedui, wa kabila la Ta'amira, alirusha jiwe ndani ya pango moja akasikia mlio wa chungu kuvunjika. Ndani ya mitungi mlikuwa na magombo ya ngozi. Katika miaka iliyofuata yalipatikana mapango 11, na mabaki ya maandiko yapatayo 900 na zaidi, mengi kwa Kiebrania, mengine kwa Kiaramu na Kiyunani. Yaliandikwa tangu karne ya 3 kabla ya Nabii Isa hadi karne ya 1 baada yake. Vyuo vyote vya Biblia ya Kiebrania vimeonekana humo, japo kwa vipande, isipokuwa kile cha Esta. Kabla ya hapo, nakala za Kiebrania za maandiko hayo zilizokuwa zikijulikana zilikuwa changa kuliko hizi kwa takriban miaka 1,000. Kwa Myahudi, basi, hii ni sauti ya mababu zake waliokuwa hai wakati Hekalu lao lingali limesimama. Asiyelifahamu hilo hataelewa kwa nini watu walipanga foleni.

Namna yalivyopita mikononi mwa watu ni hadithi nyingine, na ndiyo iliyoleta matata. Magombo 7 ya mwanzo yaliuzwa. Matatu yalinunuliwa mwaka 1947 na Profesa Eleazar Sukenik wa Chuo Kikuu cha Kiebrania. Manne yalichukuliwa na askofu wa kanisa la Kisiria mjini Quds, akayapeleka Marekani, na mwaka 1954 yakatangazwa katika gazeti la Wall Street Journal, kwenye safu ya matangazo madogo madogo, kama vile mtu auzapo kitanda. Yigael Yadin, mwana wa yule profesa, akayanunua kwa dola 250,000 kwa ajili ya Israel. Ununuzi huo waweza kuusifu au kuulaumu, lakini ulikuwa ni ununuzi.

Maelfu ya vipande vingine, hasa vile vya pango la 4 lililogunduliwa mwaka 1952, havikuuzwa kwa Israel. Viliwekwa katika Makumbusho ya Mambo ya Kale ya Palestina, mashariki mwa Quds, jengo lililojengwa kwa fedha za tajiri Rockefeller wa Marekani na kufunguliwa mwaka 1938. Upande ule ulikuwa chini ya Jordan. Kanada nayo si mgeni wa habari hii: Chuo Kikuu cha McGill cha Montreal kilitoa fedha katika miaka ya 1950 ili kipate sehemu ya vipande hivyo, kisha serikali ya Jordan ikaamua kuwa havitatoka nchini. Mwaka 1966 Jordan ikalitaifisha jumba zima. Juni 1967 vita vikazuka, askari wa Israel wakauteka mji wa mashariki, na vilivyokuwamo katika jumba vikawa mikononi mwa Israel tangu siku hiyo. Yaliyokuja Toronto yaliletwa na Idara ya Mambo ya Kale ya Israel, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa hazina hii ya pili.

Maonyesho yalipangwa kuanza tarehe 27 Juni 2009 hadi 3 Januari 2010. Mnamo Aprili 2009, kabla hayajafunguliwa, Salam Fayyad, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Mamlaka ya Palestina, alimwandikia Stephen Harper, Waziri Mkuu wa Kanada, akitaka yasifanyike, kwa hoja kwamba magombo yalitwaliwa katika ardhi iliyokaliwa kwa nguvu za kijeshi. Jumba la ROM, ambalo mkurugenzi wake alikuwa William Thorsell, likajibu kwamba limeridhika kuwa lina haki ya kuyaonyesha. Maonyesho yakafunguliwa. Waandamanaji wakasimama nje na mabango, na ndani watu wakaingia kwa maelfu.

Basi fomu yangu ikawa suala la baraza. Jumamosi ile, watoto walipokuwa wakisomeshwa katika chumba cha mikutano cha chini ya jengo, sisi wakubwa tuliketi ukumbini na chupa ya chai ya tangawizi, na karibu kila mzazi alikuwa na fomu kama yangu au alikuwa na rafiki mwenye nayo.

Kijana mmoja aliyekuwa akisoma chuo kikuu alisema kwa ukali kwamba tusitie saini. Kulipa kiingilio, alisema, ni kuhalalisha wizi. Na mtoto wa Kiislamu akienda huko atarudi akiamini kwamba nchi ile haikuwa na watu wengine ila Mayahudi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mama mmoja wa Unguja akamjibu: "Na mtoto wangu akibaki peke yake darasani siku hiyo, mwanangu, atajifunza nini? Kwamba dini yake ni kukaa nje ya mlango?" Hoja yake nayo haikuwa ya kipuuzi.

Kisha ndugu mmoja, ambaye kwa kawaida ni mpole, alisema maneno juu ya Mayahudi wote kwa jumla, wa kale na wa sasa, wa Israel na wa mtaa wa pili, ambayo sitayaandika. Alidai pia kwamba magombo yale ni ya kughushi, kwamba hawakuwahi kuwa na historia katika nchi ile. Baadhi yetu walitikisa vichwa kukubali. Wengine tuliangalia vikombe vyetu. Nasema "tuliangalia" kwa kuwa nami nilikuwamo.

Aliyezungumza ni mzee mmoja wa Lamu, marehemu sasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alingoja chai yake ipoe, akasema: "Mimi nilisimama mbele ya jumba lile mwaka 1990, na baridi yake. Nyinyi wengi mlikuwa hamjafika. Wacheni niwaeleze tulichokuwa tukikitaka."

Inanipasa nieleze kwa wasiojua. Mnamo Novemba 1989 ROM ilifungua maonyesho yaliyoitwa "Into the Heart of Africa", ambayo msimamizi wake alikuwa Jeanne Cannizzo. Vitu vilivyowekwa vililetwa na askari wa Kanada waliotumika katika jeshi la Kiingereza, na wamisionari, katika zama za ukoloni. Nia, walisema wenyewe, ilikuwa ni kuwakejeli wakoloni wale kwa kuyaweka maneno yao ndani ya alama za kunukuu. Lakini kejeli haionekani na kila jicho. Mtoto mweusi aliyeingia na darasa lake alikutana na picha kubwa ya askari wa Kiingereza juu ya farasi akimchoma Mzulu upanga kifuani, na alama za kunukuu hazikumfaa kitu. Watu weusi wa Toronto wakaunda umoja wao, wakaandamana wiki baada ya wiki. Kukawa na amri ya mahakama na watu kukamatwa. Maonyesho yalifungwa Agosti 1990, na majumba mengine 4 ya Kanada na Marekani yaliyokuwa yayapokee yakayakataa. Radhi yenyewe iliombwa na ROM mwezi Novemba 2016, miaka 26 baadaye, na mzee wetu hakuwahi kuisikia.

"Hatukusema vitu vile vivunjwe," aliendelea mzee. "Wala hatukusema Waingereza hawana historia. Tulisema: andikeni vilipatikanaje, na aliyenyang'anywa mumuulize naye asemeje. Ndiyo hayo tu. Sasa wewe," akamgeukia yule ndugu mpole, "waniambia magombo ni ya uongo na Mayahudi hawakuwako. Musa unayemtaja katika sala zako alitumwa kwa nani? Daud na Suleiman walikuwa wafalme wa nani? Ukimkanushia Myahudi mababu zake, bwana, utaanza kufuta kwako mwenyewe." Hakuna aliyejibu. Yule kijana wa chuo akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mzee wangu, 1967 je?" Mzee akamwambia, "Hilo ndilo swali. Hilo uliza, wala usilichanganye na jingine."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi, na hunijia mfano wa kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, tunayo kwa sehemu kubwa kwa sababu mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19. Makaratasi yale yamo London, katika maktaba ya SOAS. Mtu akiniambia kwamba Muyaka basi ni Mwingereza, kwa kuwa makaratasi yake yamo London, nitacheka. Na mtu akiniambia kwamba nikiuliza yalifikaje London ninawatukana Waingereza, nitamshangaa. Maneno ni ya nani ni suala moja. Nani ashike ngozi au karatasi iliyoandikwa maneno hayo, na aliipataje, ni suala la pili, nalo lina hukumu zake.

Katika mabishano ya 2009 masuala haya mawili yalisukwa kama ukili mmoja. Upande mmoja wapo waliosema: haya ni maandiko ya Mayahudi, kwa hiyo hapana cha kuuliza, na aulizaye ana chuki. Upande wa pili wapo waliosema: yalitwaliwa kwa vita, kwa hiyo Mayahudi hawana lao humo. Kila upande ulichukua jawabu la suala moja ukalijibia la pili. Nami naona, na wasomaji wana haki ya kunipinga, kwamba Mwislamu ndiye angepasa kuwa wa mwisho kuingia katika kosa hili. Kitabu chetu kimetufundisha kwamba chuki ya watu wowote isitupeleke kuacha uadilifu, na kwamba Watu wa Kitabu tujadiliane nao kwa njia iliyo nzuri. Uadilifu huo unatutaka tukiri kuwa magombo yanasimulia habari za Mayahudi. Unatutaka vilevile tusinyamaze juu ya jumba la mashariki mwa Quds na lililotokea humo Juni 1967, ati kwa kuogopa kuitwa majina.

Lipo na jambo jingine ambalo halikusemwa sana wakati ule. Mabedui walioyatoa magombo pangoni, mafundi na wahudumu wa jumba la Quds walioyahifadhi kabla ya 1967, hawa nao ni sehemu ya habari ya magombo. Gombo lililolala miaka 1,900 pangoni lina historia ya waliolificha na lina historia ya waliolipata. Sioni kwa nini moja ifukuze nyingine.

Jumatatu nilitia saini. Mke wangu alinitangulia kukata shauri, kusema kweli. Yeye alikuwa amekwisha kuniwekea kalamu juu ya fomu. Lakini usiku wa kuamkia safari nilimkalisha binti yetu nikamweleza yote, mazuri na machungu, kwa kadiri ya umri wake, nikampa swali moja la kwenda nalo: "Mwaka 1966 magombo haya yalikuwa wapi?"

Aliporudi jioni hakuanza na swali langu. Alianza na rafiki yake wa darasani, msichana wa Kiyahudi, ambaye kila Jumapili husomeshwa Kiebrania kama yeye binti yangu asomeshwavyo Kurani kila Jumamosi. Walisimama pamoja mbele ya kipande kimoja katika mwanga ule hafifu wanaouweka ili wino usififie. "Baba, amesoma," akaniambia. "Si yote, lakini amesoma. Kipande cha miaka elfu mbili, na yeye amekisoma!" Neno alilolisoma lilikuwa *eretz*. Akamweleza mwenzake kwamba maana yake ni nchi, na binti yangu akamwambia kwamba sisi twasema ardhi, na Waarabu *ardh*, wakacheka pale wote wawili mpaka wakanyamazishwa. Nikamweleza kwamba lugha hizo mbili ni ndugu, na neno letu tulilipata kwa mmoja wa ndugu hao.

"Na swali?" nikauliza. Swali alimuuliza mwalimu wake ndani ya basi. Mwalimu hakukasirika, alisema hajui, atatafuta. Siku mbili baadaye alimpa karatasi iliyotolewa fotokopi kutoka gazetini, iliyoeleza barua ya Wapalestina na jibu lililotolewa, na akalisomesha darasa zima. Rafiki yake wa Kiyahudi alisikiliza, kisha akasema kwamba kwao nyumbani hawakumwambia hilo. Binti yangu akamjibu kwamba baba yake naye alichukua siku 6.

Mambo hayakuishia hapo. Mwishoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na theluji imejaa, Jordan ilimwita mwakilishi wa Kanada mjini Amman ikataka magombo yazuiwe yasirudishwe Israel. Hoja yake ilikuwa Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 juu ya kulinda turathi wakati wa vita. Itifaki ya mkataba huo, ambayo Kanada ilijiunga nayo mwaka 2005, inaitaka nchi mwanachama ikiletewa turathi zilizotoka katika ardhi iliyokaliwa kijeshi izishike na kuzihifadhi. Israel ilijibu kwamba dai hilo halina msingi, kwamba magombo ni urithi wa Mayahudi, na watetezi wake wakaongeza kuwa Jordan yenyewe ilijitoa katika madai ya Ukingo wa Magharibi mwaka 1988. Serikali ya Kanada ikasema kuwa hilo ni la kumalizwa na Israel, Jordan na Mamlaka ya Palestina, na kwamba si mahali pake kuingilia. Mlango ukafungwa tarehe 3 Januari 2010, magombo yakarudishwa Israel. Jawabu la Kanada lilikuwa la adabu. Kama lilikuwa jawabu la nchi iliyotia saini itifaki, hilo mimi siwezi kulikubali, na mpaka leo sijalikubali.

Binti alikuwa akinisomea habari ile kwa sauti, maana mimi nilikuwa nakaanga mandazi. Alipofika kwenye jina la jumba la mashariki mwa Quds alisimama, akasema, "Baba, ni lile swali."

Sasa yeye ni mwalimu, na darasa lake ni la 6. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu kuniuliza kama ile fotokopi ya mwalimu wake bado ninayo, kwani anakusudia kuwapeleka wanafunzi wake makumbusho, safari hii ni hapa hapa Don Mills, kwenye Makumbusho ya Aga Khan ya Wynford Drive yaliyofunguliwa mwaka 2014, na anataka kila mtoto achague kitu kimoja na kutafuta kilifikaje Toronto. Karatasi niliikuta ndani ya bahasha ya hati za nyumba, imekuwa ya manjano pembeni lakini inasomeka. Nimemtolea nakala mbili, moja yake na moja ya yule rafiki yake, ambaye bado wanaandikiana.